Jani Kwenye Mdomo wa Swaumu

Hadi mwisho wa maisha yake, Swaumu binti Lukumani hakunywa chai bila kuipima kwanza kwa mkono. Hakuipima kwa kiganja wala kwa kidole. Alikunja mkono, akakigusisha kikombe upande wa ndani, karibu na kiwiko, pale mama anapojaribia maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Alingoja kidogo, kama anayesikiliza, kisha akanywa. Alifanya hivyo kwa chai, kwa uji, kwa bakuli la mchuzi, na hata kwa maji ya mtungini ambayo kila mtu alijua ni ya baridi. Wageni wasiomjua walidhani ni maringo ya wanawake wa mjini. Watoto wa majirani walimwiga, wakachekana.

Kuluthumu, binti wa kaka yake, hakuwahi kucheka. Yeye alijua mikono ile imepitia nini.

Kabla ya Uhuru, Swaumu alikuwa mshonaji wa kofia pale Gongoni, Tabora mjini, katika nyumba ya baba yake, Mzee Lukumani, fundi wa milango. Alishona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ambayo macho huianza lakini vidole ndivyo vinavyoimaliza. Kitambaa na uzi alichukua dukani kwa Bhagwanji, na kofia zikiisha alimpelekea yeye aziuze. Siku moja Bhagwanji alikunjua kofia nyeupe juu ya meza ya duka, akavua miwani, akaivaa tena.

"Swaumu, hii nini? Umechinja kuku ndani ya kofia?"

Ndani ya kofia kulikuwa na matone ya damu yaliyokauka, yamefuata mshono kama shanga. Swaumu alicheka, akaapa kwamba hajajichoma. Kisha akautazama mkono wake. Kidole chake cha shahada kilikuwa na matundu ya sindano, mapya na ya zamani, na hakuna hata moja alilolisikia likiingia.

Ulikuwa ukoma. Mumewe hakumpa talaka kwa maneno. Alianza kulala upande mwingine wa nyumba, kisha nyumba nyingine. Nyumbani kwa baba yake walimpokea, maana damu ni damu, lakini sahani yake ikawa ya peke yake, sahani ya bati ya rangi ya buluu, iliyotundikwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa jikoni. Wenzake walikula kwenye sinia moja barazani. Yeye alikula uani.

Alipelekwa kwenye kambi ya matibabu upande wa Sikonge, akakaa huko miaka, akimeza vidonge. Uhuru ulimkuta huko. Asubuhi yake wagonjwa walipiga ngoma kwa mikono isiyo na vidole, na Swaumu alipenda kusema kwamba hajapata kusikia ngoma iliyolia vizuri kuliko ile. Alipopona, daktari msaidizi alimketisha akamweleza bila kumzungusha: vidudu vya ugonjwa vimekufa, hataambukiza mtu tena; lakini vilikuwa vimeziharibu neva za mikono, na neva iliyokufa namna ile hairudi. "Kuanzia leo," alimwambia, "macho yako ndiyo vidole vyako. Usishike kitu kabla hujakitazama. Kama huna hakika ni cha moto, jaribu kwa juu huku, ambako bado unasikia." Akamgusa upande wa ndani wa kiwiko. Hapo ndipo tabia ile ilipoanzia.

Baada ya Azimio la Arusha, vijiji vipya vilipofunguliwa, Swaumu alisikia kwamba ng'ambo ya reli, nje ya Usoke, watu wa kila mahali wanaitwa kufyeka pori na kulima tumbaku pamoja. Alifunga mzigo wake akapanda treni. Sahani ya bati aliiacha ikining'inia kwenye msumari wake.

"Kule wote wageni," alimwambia kaka yake aliyemsindikiza stesheni. "Hakuna atakayekuwa na nyumba ya mbele, mimi nikawekwa ya nyuma."

Haikuwa hivyo. Mikono huonekana kabla ya mtu hajajitambulisha. Kuluthumu alipomaliza chuo cha ualimu akapangiwa shule ya kijiji kile, alimkuta shangazi yake ana nyumba yake nzuri ya udongo, ana bustani ya bamia, na ana kazi ya kuchochea moto kwenye mabani, yale majengo marefu ya kukaushia tumbaku, mbali na watu. Alikata kuni peke yake, akachochea peke yake, akala peke yake. Watu walimsalimia vizuri sana, wakiwa wamesimama hatua kadhaa nyuma.

Kilichomwumiza kilikuwa banda la kuchambulia. Msimu wa kukausha ukiisha, wanawake walikaa humo kutwa nzima juu ya mkeka mmoja mkubwa, wakitenga majani kwa rangi na ubora, wakiyafunga mafungu, wakiyashindilia kwenye marobota. Waliimba, wakasengenya, wakacheka. Adhuhuri liliingia sinia, wakanawa, wakalizunguka. Swaumu alisikia kicheko kile akiwa kwenye kuni zake, na uso wake Kuluthumu aliujua: uso wa mtu anayejifanya anahesabu magogo.

Mwanzoni mwa msimu mmoja, Swaumu alisimama mkutanoni akaomba kuhamia bandani. Mzee Masolwa, mwenyekiti wa kijiji, alikohoa, akatazama upande wa wanawake.

"Ndugu wananchi, kijiji ni cha wote, na kila mtu na kazi anayoiweza. Ndugu Ngollo, banda ni lako. Wasemaje?"

Ngollo alikuwa Mnyamwezi wa hapo hapo Usoke, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka bonde. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na banda la kulinda.

"Mimi sina ugomvi na dada Swaumu," alisema. "Lakini tumbaku inapimwa kwa vidole. Jani likikauka mno linavunjika; likiwa na maji linaota ukungu ndani ya robota, na jasho letu lote linaoza. Juzi dada Swaumu ameegemea bomba la moto la bani, sivyo? Alijuaje kwamba anaungua?"

Swaumu hakuona haya kujibu. "Nilinusa."

"Alinusa!" Ngollo aliwageukia wenzake. "Mkono wake unaiva, yeye anapata habari kwa pua. Nimkabidhi jani la kijiji?"

Watu walicheka, baadhi kwa aibu. Hakuna aliyelitaja sinia, lakini kila mtu alikuwa akiliwaza. Swaumu alikaa chini. Njiani kurudi nyumbani alisema neno moja tu: "Hajasema uongo." Kuluthumu angefurahi kama shangazi yake angelia.

Wiki hiyo Kuluthumu alikuwa akiandaa somo la milango ya fahamu kwa darasa la sita. Hakukuwa na vifaa, kwa hiyo alichuma miiba ya mgunga. Jioni, jua likiwa bado uani, alikaa akijaribu jambo alilofundishwa chuoni: ukishika miiba miwili karibu karibu na kuigusisha mgongoni mwa mtu, atakuambia ameguswa na mmoja, ukiigusisha kwenye ncha ya kidole, atakuambia ni miwili.

"Unajichoma nini?" aliuliza shangazi yake.

"Somo, shangazi. Ngozi haina macho sawa kila mahali. Mgongoni neva zimekaa mbalimbali, kama nyumba za wafugaji. Kwenye vidole zimebanana, kama nyumba za Gongoni. Kila moja inapeleka habari yake uti wa mgongo, na uti wa mgongo unapeleka ubongoni. Ni kama waya wa simu unaofuata reli. Usoke ikipiga, Tabora inasikia."

"Na waya ukikatika?"

Kuluthumu alijuta kutumia mfano ule, lakini alikuwa mwalimu, akajibu. "Usoke inaweza kuteketea, shangazi, Tabora inakunywa chai. Maumivu hayako kwenye kidole. Mtu anaumwa pale habari inapofika kichwani."

Swaumu alinyoosha mkono. "Nifanyie."

Kwenye vidole hakusikia kitu. Kwenye kiganja, hakuna. Karibu na kiwiko alisema, "Mmoja." Kuluthumu akataka kuweka miiba chini, lakini Swaumu alimshika mkono.

"Wapi kwingine neva zimebanana?"

"Ulimini. Na kwenye midomo. Pengine kuliko hata vidole. Na neva za uso hazipiti mkononi wala mgongoni, zinaingia ubongoni moja kwa moja."

"Basi usinifiche. Gusa."

Kuluthumu aligusisha miiba kwenye mdomo wa juu wa shangazi yake, polepole sana, akiogopa.

"Miwili," alisema Swaumu. Akafumba macho. "Tena. Mmoja huo, usinidanganye. Sasa miwili."

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na majani ya tumbaku aliyookota chini ya bani, moja limekaa jikoni karibu na moto, jingine limekaa kwenye kitambaa chenye unyevu. Aliyaweka mdomoni moja baada ya jingine, chini ya pua, taratibu kama mtu anayemnusa mtoto.

"Hili baridi," alisema. "Hili halina baridi. Kwa nini bichi ni baridi?"

"Kwa sababu ngozi haina neva ya majimaji," Kuluthumu alisema. "Hakuna. Maji yakikauka yanachukua joto. Ngozi inasikia ubaridi, inasikia na ulaini, na ubongo unavijumlisha, unasema: bichi. Hata vidole vya Bi Ngollo havifanyi zaidi ya hapo."

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kuni, Swaumu alikaa uani na majani yake. Kuluthumu alimfunga kitambaa machoni akampa moja moja. Mwanzoni alikosea sana. Tumbaku ilimpanda puani, akapiga chafya, akatukana kwa Kiarabu alichokiokota udogoni Gongoni, akaanza upya. Baadaye akawa hakosei, na baadaye zaidi akawa anasema jani lilikuwa limelala wapi.

Baridi za mwezi wa saba zikaingia, zile asubuhi za Tabora ambazo mtu huvuta shuka hadi masikioni. Ndipo robota moja la kijiji likarudishwa kutoka mnadani. Lilikuwa limeota ukungu katikati. Kijiji kizima kilikwenda kulitazama kama watu wanaotazama maiti. Ngollo alichana gunia, akatia mkono, akatoa majani meupe kwa ukungu, akanyamaza. Hakuna aliyepata kumwona amenyamaza.

Swaumu ndiye aliyesema, kutoka nyuma. "Si uzembe, Bi Ngollo. Tazama vidole vyako."

Wote walivitazama. Utomvu wa tumbaku huganda mikononi, mweusi, mzito kama lami. Asubuhi wanawake walisugua kwa majivu, lakini ikifika alasiri kila kidole kilikuwa kimevaa ngozi ya pili, na juu yake baridi ya mwezi wa saba.

"Na vyenu vimelala," alisema Swaumu. Hakusema kwa kejeli. "Vyangu vimelala siku zote, kwa hiyo nimetafuta njia nyingine. Nijaribuni."

Ngollo alikuwa na kiburi, lakini kiburi chake kilikuwa cha kazi, na kazi ilikuwa imeharibika mbele ya watu. "Kesho," alisema. "Saa ya jua kichwani."

Kesho yake Kuluthumu alitoka shuleni mbio, chaki bado mkononi. Alimkuta shangazi yake amesimama pembeni mwa mkeka, viatu amevua, hajaukanyaga. Ngollo alikuwa ameyaandaa mafungu mwenyewe tangu asubuhi, mengine chini ya gunia lenye maji, mengine kando ya mlango penye upepo.

"Fumba macho."

Swaumu alifumba. Ngollo akampa fungu la kwanza. Aliliinua kwa viganja viwili, akaligusisha mdomo wa juu.

"Bichi."

La pili. "Tayari. Hili lifungwe."

La tatu. "Limekauka, litavunjika. Lirudisheni kwenye mvuke."

Mnong'ono ulipita mkekani. Zamda, msichana mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, hakuweza kujizuia. "Eh! Huko Ulaya wanaovuta hizi sigara watakuwa wanambusu shangazi wa mwalimu bila mahari!"

"Nyamaza, wewe," Ngollo alisema, lakini pembe ya mdomo wake ilitetemeka. Akampa fungu la nne.

Swaumu alikaa nalo zaidi. Aliligeuza, akapenyeza mdomo kati ya majani hadi la katikati, akarudia. "Hili limedanganya. Juu limekauka, ndani bichi."

"Hapo umekosea," Ngollo alisema kwa haraka, karibu kwa furaha. "Hilo nimelitoa mlangoni mwenyewe."

"Lifungue."

Ngollo alikata kamba. Majani ya nje yalilia kavu. Yale ya katikati yalijikunja kimya mkononi mwake, laini kama kitambaa kilichofuliwa. Aliyaminya, akayaminya tena, akavitazama vidole vyake vyeusi.

Kuluthumu alijua kwamba kazi imepatikana, na alijua pia kwamba si kazi waliyokuwa wakiingoja. Nje mama mmoja alikuwa anakuja na sinia la ugali, mvuke unapanda. Swaumu alilisikia sinia likija. Alifumbua macho, akainama kuchukua viatu vyake, maana ilikuwa saa yake ya kuondoka.

"Mwalimu," Ngollo aliita, bila kugeuka. "Wewe umesoma. Unakula naye?"

"Kila siku, Bi Ngollo. Sinia moja. Ugonjwa uliishia kambini. Kilichobaki ni njia tu ulimopita."

Ngollo alikuwa bado ameshika jani lile la katikati, lililotoka mdomoni mwa Swaumu. Alilitazama, kama anayetazama maji kabla ya kuvuka. Kisha akaliinua, akaliweka kwenye mdomo wake wa juu, hapo hapo, akafumba macho.

"Yoo," alisema. "Kweli. Baridi."

Akampa Zamda. Zamda aliogopa kidogo, akaliweka, akapiga chafya, watu wakacheka. Akampa aliyefuata. Jani lilizunguka mkeka mzima, mdomo kwa mdomo, hadi likarudi kwa Ngollo limelegea.

"Haya," alisema Ngollo. "Tumekwisha kula jani moja. Ugali una nini? Dada Swaumu, weka hivyo viatu chini, unatuzibia mwanga."

Swaumu aliukanyaga mkeka. Alikaa kati ya Ngollo na Zamda, akanawa maji yaliyomiminwa kwa kila mtu. Lakini alipofika kwenye ugali alisita, mkono hewani. Ulikuwa unafuka moshi, na vidole vyake visingemwambia kitu. Ngollo aliona. Aliusogeza mkono wake mwenyewe nyuma, akauweka pajani.

"Usubiriwe upoe," aliwaambia wote. "Tulikuwa tunakimbilia wapi?"

Kuluthumu alitoka nje kwa haraka, kwa sababu mwalimu hapaswi kuonekana analia na chaki mkononi.

Kuanzia hapo banda lile halikula ugali wa moto. Waume walilalamika kwamba wake zao wamezoea ugali uliopoa na wanaupika hivyo hivyo nyumbani. Na hakuna robota lililofungwa kijijini bila kupita mdomoni kwa Swaumu. Katika misimu yote aliyokaa pale, halikurudi hata moja. Ikawa mnadani watu wakiona wanawake wenye mstari wa kahawia chini ya pua, walijua wametoka banda gani, na wanawake wenyewe hawakuufuta mstari huo njiani. Waliuvaa hivyo hivyo hadi stesheni ya Usoke, vichwa juu. Vijiji vingine vilileta wasichana kujifunza. Swaumu aliwafunga vitambaa machoni, akawaambia neno lile lile: "Usiniambie unavyodhani. Niambie unavyosikia."

Kuluthumu alihamishwa baadaye, akafundisha Tabora mjini, akafikia umri ambao shangazi yake alikuwa nao wakati wa miiba. Kila mwaka alichuma miiba ya mgunga kwa darasa lake, na kila mwaka alipofika kwenye midomo sauti yake ilibadilika kidogo. Wanafunzi hawakujua kwa nini.

Alipopata habari kwamba Swaumu hainuki tena, alipanda treni. Alifika asubuhi yenye umande mzito, akatembea kutoka stesheni hadi kijijini mikono ikiwa imeganda. Ndani, mkeka ulikuwa umetandikwa kando ya kitanda. Ngollo, mzee sasa, alikuwa amekaa juu yake, na Zamda, mama wa watoto wakubwa, alikuwa ameweka sinia katikati. Hakuna aliyekuwa ameanza.

"Shikamoo, shangazi."

Swaumu aliitikia kwa macho. Aliushika mkono wa Kuluthumu kwa viganja vyake viwili visivyosikia kitu, akauinua taratibu, akaugusisha mdomo wake wa juu, akangoja kidogo, kama anayesikiliza.

"Wa baridi," alisema. "Kaa mkekani, mwanangu. Ugali umekwisha poa."